Siku Nilipomlaza Baba kwa Kiingereza

Aibu hii nimeibeba miaka mingi na leo naitua mbele yenu, chekeni mtosheke, ila mkimaliza mnihurumie kidogo, maana ilininyima mke.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nimetoka kumaliza masomo ya ngumbaru mjini Kakamega, na kwetu upande wa Lurambi hakukuwa na wa kunishinda Kiingereza (aliyenifuata kwa ujuzi nadhani alikuwa mbuzi wetu). Asubuhi moja baba akainama kuinua gunia la mahindi, asiinuke tena. Mgongo ulimshika, tukambeba hadi kitandani amekunjika kama jembe, hata kupumua anapumua kwa hesabu. Mama akanigeukia: "Si wewe ndiye unajuanga Kizungu? Nenda umwite daktari."

Nikapanda baiskeli. Pale hospitali dresa mmoja mpole, msaidizi wa kufunga vidonda, akaniambia, "Nieleze kwa Kiswahili, mimi nitamtafsiria." Ningekubali, leo ningekuwa babu wa watu wengi. Nikamwambia asijisumbue, nikaingia mwenyewe.

Daktari, Mzungu mrefu mwenye miwani, akauliza mzee ana nini. Kichwani yakajipanga maneno yote ya mtu asiyeweza kusogea: stuck, stiff, paralysed. Mwalimu alituambia hayo ni ndugu lakini tabia mbalimbali, na mafuta ya taa yakaisha kabla hajatueleza tabia zenyewe. Sasa "stuck" niliiona ndogo mno, ya lori kwenye matope, si ya mzee mwenye boma lake. Nikachukua lile refu, paralysed. Daktari akavua miwani, akauliza kama ni miguu yote miwili, nikajibu ni kila kitu (nilitaka aje haraka). Akaniwekea mkono begani, akasema polepole kwamba mtu wa namna hiyo mara nyingi hainuki tena, tusimsogeze, atakuja akipata nafasi.

Sikufikiri hata kidogo kwamba alikuwa akitibu neno langu, si mgongo wa baba.

Nyumbani baba akauliza, "Daktari amesemaje?" Nikamwambia yote, kama yalivyo. Akasema, "Niitie ndugu zangu."

Kwetu mzee akijua anaenda, huita ukoo na kugawa mali kwa mdomo wake, na alichogawa akiwa pale kitandani hakiguswi na mtu. Baba mdogo akafika kutoka Lumakanda, nyumba ikajaa, na baba akasema wale ng'ombe waliotengwa kwa mahari ya Loise, mchumba wangu, wapewe kaka yangu Shivachi. "Yeye ana watoto wa kulisha," alisema. "Huyu ana Kiingereza, kitamlisha." Nililia mpaka shati likakamuliwa, na wala si kwa ajili ya ng'ombe.

Daktari alipokuja, akamwambia baba achezeshe vidole vya miguu. Vikacheza vyote. Akanitazama mimi, akasema taratibu kwamba huyu si paralysed, hajapooza, huyu ni stuck, amekwama tu. Akamgeuza ubavu, akamkanda, mfupa ukalia ko, na jioni hiyo baba akatembea mwenyewe hadi zizini.

Watu walicheka hadi wakashikilia kuta. Baba mdogo akaniambia, "Kijana, hicho Kizungu ulichobaki nacho, usikitumie karibu na mimi." Baba naye alicheka, mpaka aliponiona nikiwatazama wale ng'ombe. Akanisogelea.

"Mwanangu, nilisema nikiwa naenda. Nikiyarudisha hayo maneno, siku nikienda kweli nani ataniamini?"

Nikachukua fimbo, nikamsaidia Shivachi kuwaswaga.

Kwao Loise waliingoja mahari mpaka mavuno, kisha akaolewa Lumakanda na mwenye shamba la skimu, yale yaliyogawiwa Wazungu walipoondoka. Siku ya kumsindikiza walipita mbele ya ua wetu wakiimba, nami nimesimama hapo nimpungie. Mkono ukakataa kuinuka. Loise akanitazama, akainamisha uso, wakapita, nyimbo zikaishia mbali, na miguu yangu bado iko palepale. Baba ndiye aliyekuja kunishika kiwiko, akanirudisha ndani polepole, yeye na mgongo wake.

"Unaumwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole, hapa kifuani. Na tangu siku hiyo, hata kwa daktari, ninaonyesha kwa kidole tu.