Mchele wa Barazani

Tulipofunga dishi juu ya paa la nyumba ya Sib, karibu na Maskati, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, niliangalia na mama kipindi kuhusu bibi mmoja wa Ulaya. Wakati wa vita kuu, bibi yule aliwaficha watoto wa Kiyahudi nyumbani kwake, na lau angegunduliwa wangeuawa yeye na wote wa nyumba yake. Mwishoni watoto wale, sasa wazee wenye mvi, walimletea maua wakamkumbatia wakilia. Mama yangu naye akalia. Mimi nilikuwa namwangalia mtu mwingine. Hukohuko kwenye kipindi, karibu na pazia, alikaa mwanamke wa makamo ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Mtangazaji alimtaja mara moja tu, kwamba ni binti wa kumzaa wa bibi yule. Nilimwonea huruma kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Kwa sababu mama yangu pia aliwahi kuficha watoto. Yalipotokea machafuko Unguja nilikuwa na miaka saba. Watu wenye bunduki waliwasaka majirani zetu wenye asili ya Kiarabu, na mmoja wao, tuliyepakana naye ukuta, alimletea mama watoto wake wawili: msichana wa umri wangu na mdogo wake wa kiume. Hakurudi kuwachukua. Mama alikuwa mjane, hana mtu wa kumtetea. Aliwaingiza uvunguni mwa kitanda na yeye akaingia nao, siku tatu. Mvulana alikuwa na kifaduro, na kila kikohozi kilipomjia mama alimkandamiza kifuani.

Mimi alinitoa nje. Alinikalisha barazani na ungo wa mchele, akaniambia nipepete, na akija mtu niseme mama kenda kuzika. Mchele wenyewe ulikuwa safi tangu asubuhi ya kwanza. Nikipumzika kidogo, sauti yake ilitoka ndani, kali: pepeta. Siku ya pili mtu mwenye bunduki alisimama mbele yangu akaniuliza kuna nani ndani. Nikamjibu kama nilivyofunzwa. Akachota mchele, akautafuna mbichi, akaenda zake. Woga wa siku ile siukumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba wenzangu walikuwa kifuani kwa mama, mimi nilikuwa juani.

Baadaye jamaa zao waliwasafirisha mpaka Maskati, wakakulia huko. Kaka akapata cheo wizarani, dada akaolewa Ansab. Katika miaka ya tisini walimtafuta mama hadi wakampata, wakamleta wakae naye karibu, na mimi, niliyekuwa nimeachika, nikaja pamoja na masanduku yake. Nyumba ya Sib ilikuwa yao. Nilipaswa kuwashukuru, na kwa mdomo niliwashukuru.

Kila Ijumaa baada ya sala walikuja kula. Mimi mama aliniita kwa jina langu. Wao aliwaita roho zake. Ukoko wa wali aliubandua mwenyewe akamwekea yule kaka, mtu mzima mwenye kitambi na dereva anayemsubiri nje, na kipande cha pili akampa dada. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mimi kila Ijumaa nilizidi kuugua.

Tena asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla hawajafika, mama alikuwa akinipa ungo. Mchele wa Maskati unatoka kwenye gunia ukiwa safi, hauna jiwe wala chuya. "Pepeta," ananiambia, kisha anakaa chumbani na tasbihi yake, mlango wazi. Nikiacha, ananiita.

Siku moja dada alimwoza binti yake. Alimshika mama mkono akamzungusha ukumbini: huyu ndiye mama yetu, tusingekuwepo bila yeye. Mgeni mmoja akaniuliza mimi ni nani. "Huyu anakaa na mama," dada akamjibu, bila ubaya wowote. Nikatabasamu. Moyoni nilitamani, Mungu anisamehe, kile kikohozi kingesikika.

Ndiyo maana kipindi kilipokwisha sikuweza tena kunyamaza.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini mimi hukunificha?"

"Nyumba yenye mtoto anapeta mchele barazani, nani ataipekua?" Alipunguza sauti ya televisheni. "Tena wale walikuwa amana. Mama yao kanikabidhi mkononi. Amana huiweki mlangoni."

"Lakini cha kwako unakiweka."

Aliichukua tasbihi yake pembeni.

"Ule mchele ulikuwa safi," akasema. "Nnajua. Uvunguni nilikuwa sikuoni, nnausikia mchele tu. Nikiusikia nnasema, huyo mwanangu, yu hai. Yule mtu aliposimama, mchele ukanyamaza. Nikamwachia mtoto, nikatoka. Nishafika mlangoni, nishashika komeo, nyuma yangu mtoto anaanza kukohoa, na mimi sikurudi. Ndo nikausikia tena."

Alikuwa ameinamia tasbihi.

"Amana ile niliivunja, mwanangu. Mngu tu kaisitiri. Wenyewe hawajui. Kila wakija hapa wananiita mama, mimi sina la kuwapa ila ukoko."

Ijumaa iliyofuata nilichukua ungo bila kuambiwa. Nilikuwa bado napepeta walipoingia, na kaka akacheka, akaniuliza kama kuna mawe siku hizi kwenye basmati. Nilimtazama yeye na kitambi chake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha mama ambacho wao hawakuwa nacho, na sikumgawia.