Siku Shangazi Alipokifunika Chakula

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, naikumbuka kana kwamba nguo zangu hazijakauka bado. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami ni mwari sijaolewa. Kijiji chetu kilikuwa bondeni, karibu na mto Zigi. Kule milimani Amani mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, sisi tunasikia ngurumo tu. Basi alfajiri ile mto ukaingia majumbani bila hodi. Kuta za udongo zikalegea, zikakaa chini, nasi tukakimbilia kilimani kwenye ghala kuukuu la mkonge.

Hatukuwa peke yetu humo. Manamba, wale vibarua waliotoka bara kuja kukata mkonge, kambi yao nayo ilikuwa imezolewa. Wao wakakaa upande wa mlangoni, manyunyu yanawapiga. Sisi tukakaa ndani. Katikati tuliacha nafasi tupu, ingawa hakuna aliyetuambia tuiache. Hakuna aliyeweza kutulia. Unakaa, unainuka, unakwenda kuchungulia maji, unarudi, unainuka tena. Bibi yangu aliniuliza kila mara kama mbuzi wamefungwa, nami namwambia wamefungwa. Mbuzi walikwishakwenda na maji.

Kisha maneno yakaanza. Mtu mmoja alisema manamba ndio waliobomoa tuta la kuzuia mto, ili maji yaiache kambi yao yaje kwetu. Nani aliona? Hakuna. Lakini kufika adhuhuri kila mtu alikuwa ameona. Kaka yangu Bakari, ambaye shamba lake la mpunga lilikuwa limelala chini ya maji, alishika panga akawa anazunguka ghalani, macho yamemwiva. Niliogopa. Nilimjua kaka yangu.

Ndipo akafika shangazi yangu, Bi Mwanamkuu, dada yake baba, aliyeolewa mjini, mtaa wa Makorora. Yeye na majirani zake walikuwa wamekusanya mchele, maharage na mablanketi. Lori lao lilikwama topeni, wakajitwika mizigo vichwani wakapita kwenye maji ya magotini. Hakupumzika. Aliinjika sufuria kubwa barazani, na harufu ya wali ilipoingia ghalani watoto wote walinyamaza.

Bakari akamwendea. "Shikamoo shangazi. Chakula hiki ni chetu. Hawa wana tajiri wao wa mkonge, akawalishe."

"Marahaba," alisema shangazi. Akaifunika sufuria, akavuta kigoda, akaketi kando yake. "Basi hakipakuliwi."

Watu walinung'unika, mwanangu. Njaa haina subira. Hata bibi alimwita kwa sauti, "Mwanamkuu, pakua, watoto watazimia." Shangazi hakugeuka. Alimtazama Bakari tu.

"Nasikia tuta limebomolewa. Haya, nenda kule mlangoni unionyeshe aliyelibomoa. Huyo nitamnyima mwenyewe, kwa mkono wangu. Wengine watakula."

Bakari akaivuka ile nafasi tupu, panga mkononi. Wanaume wa kimanamba wakasimama, mmoja ameshika gongo. Akampita mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa tambara. Akafika kwa mwanamke aliyekuwa amemvika mtoto wake gunia, nasi tukadhani atalia au atakimbia. Badala yake aliinuka upesi, akamshika Bakari mkono.

"Kaka, umetoka kwenye maji? Mume wangu hajaonekana tangu alfajiri. Kama umemwona, niambie tu."

Alidhani kaka yangu amemletea habari. Ghala zima tulisikia.

Bakari akauliza, taratibu, "Alivaa nini, dada?"

Aliporudi kwa shangazi, panga lilikuwa limebaki chini kulekule. "Pakua, shangazi," alisema, wala hakungoja kula. Alichukua kamba, akatoka na wale wale waliokuwa tayari kupigana naye, wakaenda kutafuta. Shangazi akawaketisha watoto katikati ya ghala, wa huku na wa kule, kwenye sinia moja.

Yule bwana walimkuta kesho yake, amenasa kwenye mikoko kule mto unakoingia baharini, amekwisha kufa. Bakari alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Habari ya tuta hatukuujua ukweli wake hata leo, na wapo jamaa zetu waliokula siku ile kwa kinyongo. Sikufichi.

Mwanangu, leo nasikia watu wanakimbia vita, wanakimbia mafuriko, misaada inapelekwa, na swali la kwanza bado ni lile la kaka yangu: nani wetu, nani si wetu? Ukijaliwa kugawa, anza na aliye na njaa. Kosa la mtu litatafutiwa siku yake, na mwenye kosa ataulizwa mwenyewe, si kuwanyima wote waliokaa upande wake. Na ikiwa wewe ndiye uliyepoteza, lia, kasirika, lakini usikubali uchungu ukuchagulie nani afe njaa. Kabla hujamhukumu mtu, msogelee usikie anachokitafuta.

Nenda, mwanangu. Mola akupe kifua cha kuzuia hasira na mkono usiobagua, na siku ya dhiki yako, popote itakapokukutia, asikukoseshe mtu wa kukuuliza: umempoteza nani, twende tukamtafute.