Nusu Saa ya Mota

Fundi Mwavita hakushika bisibisi kamwe kabla ya kupangusa kibati cha mashine kwa ncha ya kitenge na kusoma herufi zake zote kwa sauti. Hata redio ya jirani aliisoma hivyo. Watu wa Rumonge walicheka hadi wakachoka, naye akaendelea.

Benedicte, mkuu wa kikundi cha akina mama wanaokamua mawese, alimwita siku mota ya mashine yao ya kukamulia ilipozima kwa mara ya nne. Uani zilirundikana ngazi, yaani matunda ya michikichi, za wanachama kumi na saba, zimeshachambuliwa, zimeanza kulainika. Zikikaa siku tatu zaidi, mafuta yangekuwa machungu na jasho la msimu mzima lingemwagwa.

Melkiades, fundi aliyekuwa akiwabadilishia fyuzi, alisimama mlangoni.

"Mota iko maiti, Mama Benedicte. Mununue ingine."

"Maiti gani anaamuka kila asubui?" Mwavita alimjibu, amechuchumaa. Akapangusa, akasoma, kidole kikasimama. "S2, dakika makumi tatu. Hii uliisoma?"

"Iyo ni numero ya kiwanda tu, bibi."

"Numero! S2 ni kazi ya muda mufupi. Inazunguka nusu saa, kisha inapumuzika mupaka ipoe. Nyinyi munaizungusha kutoka asubui mupaka saa nane. Ata wewe, Melki, ungezima!"

Wanawake wakaangua kicheko. Benedicte hakucheka; akili yake ilikuwa kwenye mapipa ya kuchemshia. Pipa moja la ngazi huchemka saa mbili na zaidi. Basi mota ingepumzika wakati pipa lingine liko motoni.

Wakajaribu. Nusu saa ya kwanza ilipotimia, Mwavita alizima mwenyewe huku wenzake wakimpigia kelele aiache imalizie. Ikapoa. Ikawashwa, ikanguruma. Siku ya tatu jioni ua ulikuwa mtupu, madumu yamejaa mafuta mekundu, na Melkiades alikuwa akiyabeba bila kuombwa na mtu.

Mwavita alifariki masika ya mwaka huo, kwa dada yake Nyanza-Lac. Siku alipoondoka kwenda huko, Benedicte ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye gari. Mpaka leo humwona palepale dirishani, dumu la mawese mapajani, akipaza sauti kuishinda injini:

"Mukinunua ya pili, mutafute S1! Iyo inazunguka siku nzima. Nyinyi ndio mutaomba kupumuzika!"