Magharibi Yake na Yangu Zaingia Pamoja

Admin, tafadhali nifiche. Taja Kisauni tu, mtaa uache.

Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo mwaka jana. Mwezi wa nne huu tangu niozwe kwa simu. Shangazi yangu ndiye aliyeleta posa: jamaa wa mbali wa mumewe, afanyaye kazi Maskati. Ami, ndugu wa marehemu Baba, akaniozesha kama walii wangu, bwana harusi akajibu kwenye spika, halua ikaliwa. Sijawahi kumwona ana kwa ana. Alhamisi hii nasafiri kumfuata.

Hunipigia kila jioni. Katikati ya mazungumzo adhana ya Magharibi huingia hapa kwetu, na papo hapo naisikia na kwake, nyuma ya sauti yake. Hucheka, "Bibi we, muadhini katutenga tena." Niliipenda adhana ile. Niliona kama tumesimama safu moja.

Juzi nilimuuliza safari ina urefu gani, maana sijawahi kupanda ndege. Akasema, "Usiogope. Saa mbili umefika."

Nikatazama mtandaoni. Mombasa hadi Maskati ni zaidi ya kilomita elfu tatu na nusu. Ndege isiyotua popote huchukua karibu saa tano. Nikamweleza Mama. Akanicheka mpaka machozi. "Saa mbili ya usiku, mwanangu! Chuo kimekufunza yote ila Kiswahili?"

Nikacheka nami. Lakini jioni adhana zilipoingia pamoja, nikaikumbuka ramani ya mtandaoni. Maskati iko mbali mashariki yetu, jua lao hutangulia kuzama. Magharibi yetu ikiingia, yao imeshapita.

Nikamuuliza, "Huko mnaswali Magharibi saa hii?"

Akajibu kwa sauti nisiyoijua: "Nani amekufunza maswali hayo?" Akakata.

Asubuhi Shangazi akabisha hodi. Si mimi wala Mama aliyemwita.

"Weye mwari!"

"Abee, Shangazi."

"Mume hahojiwi kama mwizi. Wenzio wanaililia safari hiyo. Pasipoti ninayo mimi, tiketi utapewa uwanjani." Mama alikuwa akipiga pasi mabuibui yangu. Hakuinua kichwa.

Leo mchana mume wangu ameniandikia: "Simu yako muachie Mama. Huku nitakununulia mpya." Mama anasema huo ni ukarimu. Na Shangazi ameagiza gari lije mapema, kabla majirani hawajaamka.

Nikikataa, nitakuwa mke aliyemkimbia mumewe, na Ami hatanitazama tena usoni. Nikienda, wallahi sijui ndege itanishusha nchi gani. Ndugu zangu mnaoijua njia hiyo, nipeni neno: nipande, au nikimbilie kwa nani? Jibuni upesi, kwa sababu baada ya Alhamisi sitakuwa na simu ya kuyasomea majibu yenu.