Vidole Kumi Kwenye Gauni la Mama Pasta

Mama Pasta alipotugeuzia mugongo aongoze kwaya, kanisa zima likaona vidole vyangu kumi, vyekundu vya mawese, kwenye kiuno cha gauni lake jeupe.

“Ayi! Nani amemushika hivyo?” mama mumoja akauliza. Pasta akatazama mikono yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimemupakia Mama Pasta kwenye baiskeli kutoka Kizuka. Cheni ilichomoka kila kilima. Mimi sishindwi na cheni: nilishuka, nikairudisha, nikaipaka mawese, halafu nikamunyanyua mama wa watu kumuweka tena nyuma.

Niliokoka vita na kambi za Tanzania, leo cheni iniharibie jina? Mukosaji ni Danieli, fundi wa sokoni. Aliniuzia cheni iliyochoka akasema, “Paka mafuta tu, muzee, itakaa.” Danieli, wewe ndiye utamujibu Pasta!