Kikombe Chenye Kope

Nilikuwa na miaka tisa, ndiyo kwanza tumerudi Gasorwe kutoka Tanzania, mama alipolala na homa isiyosikia dawa. Siku ya sita bibi yangu, tuliyemwita Nyogokuru, alinivuta nje.

"Nenda pale kwa gogo yenye imeoza, karibu na mto," aliniambia. "Kuko tukombe tudogo twekundu. Yenye iko na kope, njo jicho ya wakubwa wetu wenye walikufa. Itamuona mama yako, atapona. Yenye haina kope ni kipofu. Usiniletee kipofu mu nyumba!"

"Nitaijuaje, Nyogokuru?"

"We angalia mzuri."

Niliangalia. Mungu ni shahidi, nililala kifudifudi kwenye matope mpaka kifua kikafa ganzi. Vikombe vilikuwapo, uyoga mwekundu wenye umbo la kikombe, vidogo kuliko punje ya dengu, na kingo zao zote zilikuwa laini. Nilikagua kimoja kimoja huku nalia, kwa sababu mama alikuwa ameshaacha kuitika nikimwita.

Basi nikafanya ujinga wangu. Niling'oa vinywele sikioni mwa mbuzi wa jirani, nikavibandika kwenye ukingo wa kikombe kimoja kwa utomvu wa mgomba. Nyogokuru, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kando ya kichwa cha mama.

Mama alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Sikumwambia mtu. Niliolewa, nikazaa, nikahamia Gitega kufundisha, na kila wanangu waliponiita mama moyo ulinichoma: wewe, mama yako ulimpelekea kipofu.

Mwaka jana nilikwenda Bugendana na mwalimu mwenzangu wa biolojia, kutafuta uyoga wa kuwaonyesha wanafunzi. Kwenye gogo bovu nikaviona vikombe vilevile. Akanipa kioo cha kukuzia.

"Angalia hapa pembeni," alisema, akichanganya na Kifaransa chake. "Na macho tu hauone kitu, mais iko."

Kope. Nyeusi, fupi mno, zimezunguka ukingo mzima. Nikatazama kingine, na kingine. Vyote vilikuwa nazo.

Nilikaa chini nikalia mpaka mwenzangu akadhani nimeumwa na nyoka. Ningepaswa kufurahi, najua. Lakini ile lawama niliyoibeba miaka yote ilikuwa na faraja yake: ilinihakikishia kwamba mama angeweza kupona, laiti ningepata kilicho sahihi.

Nilikipata. Nilimpelekea kwa mikono yangu, na akafa.