Aliyesimama Njia ya Marabo

Harufu ya lehemu ikiyeyuka hunirudisha Nyakasanza, mtaa wetu wa Bunia, Kongo, popote nilipo. Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu, akagusisha ncha ya moto kwenye waya, moshi mwembamba ukapanda, mchungu kidogo na mtamu kidogo, na papo hapo nikawa na miaka kumi tena, nimechuchumaa kwenye kibanda cha Dezire, namtazama kwa jicho la pembeni.

Nianzie mbali kidogo, nisije nikachekwa bure. Mjomba wangu Kambale, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na lori. Alipakia chumvi na sabuni Beni akazileta Bunia, na hata wakati wa vita, barabara ilipokuwa imekatwa vipande vipande na wenye bunduki, lori lake lilifika. Nyumbani tulimhesabu kama mtu wa miujiza. Mambo yalipotulia akaniletea kutoka Kampala mashine ya mchezo, ndogo ya kushika mkononi, iliyokwisha kutumiwa na watoto wa watu wengine, yenye mchezo mmoja tu wa Kifaransa. Humo ulikwenda mji hadi mji ukikamata wanyama wa ajabu, wengine wa mawe, wengine wa moshi, ukawafuga na kuwapiganisha. Na karibu kila njia ilikuwa na watu wa genge moja baya waliokuzuia usipite. Mchezo uliwaita sbires, yaani vibaraka wa chini. Wote sura moja, kofia moja, suti moja nyeusi. Mkubwa wao humwoni mpaka mwisho kabisa. Wao husimama tu juani, wakakutisha, ukawapiga, wakakimbia, na mji wa mbele ukawakuta tena kama vile hamjawahi kuonana.

Niliwachukia kwa moyo wangu wote. Na Bunia ya siku zile ilinisaidia kuwachukia. Amani ilikuwepo, ila mama aliweka furushi la nguo na unga nyuma ya mlango, limefungwa tayari. Majirani walisalimiana vizuri kupita kiasi. Hakuna aliyemwuliza mwenzake alikuwa wapi wakati wa vita, waliuliza tu, “Ulirudiaka lini?”, kisha wakaenda nalo jibu nyumbani kulichambua kama maharage. Koko, bibi yetu, alipenda kutuonya: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Lakini mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kuamsha watu.

Mashine ilipozimika, tantine Masika alinipeleka kwa Dezire. Tantine alikuwa mdogo wa mama, aliishi nasi, na alikuwa mzuri hata akiwa amekasirika. Dezire alikuwa kijana mrefu, mpole, fundi wa redio. Aliifungua mashine, akachoma waya mmoja, ikapona. Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipozaliwa, na ilimwangukia tantine, kwa sababu wiki iliyofuata alimwambia mama kuwa mashine bado inaumwa. Ilikuwa nzima kabisa. Tukaenda tena, na tena, yeye akiwa amejipaka mafuta mpaka kwenye visigino.

Wao wakiongea, mimi nilicheza. Siku moja nilikwama kwenye daraja lenye vibaraka wengi. Dezire akainama begani kwangu. Kibaraka akaanza maneno yake, nami kama kawaida nikabonyeza haraka ili nimpige.

“Tuliza kidole,” akasema. “Acha aseme kwanza.”

“Bao habana maneno. Ni babaya tu.”

“Huyu wa ku mwanzo wa njia iko mupya. Bakubwa habawezi kusimama ku jua. Banyama yake ni zile zenye bengine balikataa, njo maana iko zaifu. Na hakuangaliake weye. Anaogopa wa nyuma yake.”

“Unajua namna gani?”

Akarudi kwenye meza yake, akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tayari. “Ni mchezo tu, Kavira,” akasema.

Ni mchezo tu! Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na kesi kamili kichwani. Mtu anajuaje mambo ya kibaraka kutoka ndani? Tangu siku ile sikumwacha. Niligundua hakai kamwe na mgongo kwenye mlango. Niligundua hana hadithi ya utotoni hata moja, naye ni mtu wa kupenda hadithi. Kubwa kuliko yote ni Marabo, kijiji cha njia ya Beni. Maharage ya Marabo yalikuwa bei nafuu, na kila tantine alipomwomba amsindikize kwa pikipiki, Dezire alikuwa na sababu. Mara mvua, mara tairi, mara kichwa kinamwuma. Kwingine kote alikwenda, hata Boga kwenyewe, mbali kote kule. Marabo tu ndiyo ilimwumiza kichwa. Na kila mtu alijua kwamba wakati wa vita palikuwa na kizuizi, barrière tulivyoiita, njia ya Marabo, na kwamba kuna waliofika pale wasivuke.

Sikumwambia mtu. Niliogopa, nisidanganye. Niliogopa zaidi siku tantine alipotangaza kwamba Dezire ataleta watu kujitambulisha, kisha itafuata mahari. Nilimwona tantine wangu akiolewa na suti nyeusi na kofia.

Siku yenyewe walikuja baada ya misa. Upande wake alikuwa na mchungaji mmoja na wazee wawili wa mtaa, hakuna shangazi, hakuna kaka, jambo ambalo wamama wa kwetu walilitazama kisha wakatazamana. Walileta makasha ya bia na soda yakawekwa katikati. Upande wetu msemaji alikuwa mjomba Kambale, na koti lake la buluu. Sasa, kwetu kuna desturi: kabla soda ya wageni haijafunguliwa, msemaji huuliza nyumba nzima kama kuna mwenye neno. Watu hunyamaza, ukimya ndio kibali, chupa zikafunguliwa. Hakuna anayejibu. Ni kama padri akiuliza kanisani siku ya ndoa. Ila mimi hakuna aliyewahi kunieleza kwamba swali lile haliulizwi ili lijibiwe.

“Kuko mutu iko na neno?” mjomba akauliza, mkono umeshika kifungulio.

Nikasimama. Nikakunja mikono kifuani kama tulivyofundishwa darasani.

“Tonton Dezire,” nikaanza kwa heshima, “juu ya nini haupendake kufika Marabo? Ulikuwa unasimama ku barrière?”

Vidole vya mama vilinifinya paja mpaka leo navisikia. Mchungaji alifunga macho. Nilimtazama tantine, nikaona mikono yake imeshikana kwa nguvu mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba ndoa yake iko mdomoni mwangu, nami nimekwisha kuufungua.

Dezire alisimama. Angeweza kucheka, angeweza kusema mtoto huyu anaota. Wangemwamini, kwa sababu walitaka kumwamini.

“Njo vile,” akasema. “Nilisimama pale. Balinikamata ku njia ya masomo, nilikuwa na quatorze ans, miaka kumi na ine. Miye nilikuwa mutu wa kamba ya barrière. Bakisema fungula, nafungula. Bakisema funga, nafunga.”

Matone machache ya mvua yalianza kugonga bati. Koko, ambaye siku zote alikataza kuamsha waliolala, ndiye aliyeuliza, polepole:

“Na ulikuwa unafungulia banani?”

Dezire alitazama sakafu. “Benye nilisemewa, koko.”

Akaketi. Nilisubiri watu wasimame, makasha yarudishwe mlangoni, tantine alie. Badala yake mjomba Kambale alipiga makofi, akicheka kwa sauti kubwa.

“Mambo ya vita iliisha! Mutoto ameuliza, mutu amejibu kweli. Siye tunatafuta nini ingine? Mufungule soda!” Na ilipofika zamu ya kutaja mahari, yeye mwenyewe, mfanyabiashara asiyepunguza hata sabuni, alitoa mbuzi mmoja kwenye hesabu. Usiku hakuna aliyenipiga. Nililala nikimpenda mjomba kupita kiasi. Nilisema, huyu ndiye mwenye moyo wa kusamehe.

Tantine na Dezire wanaishi Mambasa sasa, wana watoto wanne wenye kelele. Niliwatembelea nikiwa nimemaliza chuo, na tukimenya ndizi mimi na tantine, nikaanza kumsifu mjomba kwa siku ile, jinsi alivyookoa ndoa. Tantine aliacha kisu.

“Weye ulifikiri aliokoa ndoa yangu?”

Akaniambia. Lori la mjomba halikufika kwa miujiza. Chini ya chumvi lilibeba viatu, nguo za askari na risasi za watu wa kizuizi, na kamba ya Marabo iliinuliwa kabla halijapunguza mwendo. Aliyeiinua alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, na nyuma ya lori watu wa miguu waliambiwa wasubiri. Dezire alimjua mjomba tangu siku ya kwanza alipokanyaga kwetu. Koko alipouliza banani, jina lilikuwa limekaa mbele yake kwenye kiti cha msemaji, na koti la buluu. Akalimeza, kwa ajili ya tantine.

“Na weye ulijua?” nikamwuliza. “Ukanyamaza?”

“Alinielezaka mbele ya kuleta bazee.” Tantine alichukua tena kisu. “Kavira, wakati ya vita, batu balikula majani. Siye tulikula chumvi kila siku. Ulifikiri ilipitaka wapi?”

Nje Dezire alikuwa akimwita mwanawe wa kwanza aje ale, na mimi, niliyemchunguza mtu yule mwaka mzima kwa jicho la pembeni, nilishindwa kwenda mlangoni kumtazama usoni.